Simi mpya na macho ya babu

Leo naweka kodi kando. Jumamosi nilimnunulia babu simi hapa Eldoret, badala ya ile yake iliyopotea. Hata kabla ya chai akaipindua ndani ya ala. Ikaanguka. "Ala imelegea, mjukuu wangu." Akatikisa mpini: unacheza. Akafumba jicho moja akatazama ubapa: umepinda. Nirudishe dukani!

Jina Uasin Gishu ni la Wamaasai waliosambaratishwa na vita vya karne ya 19. A. C. Hollis aliandika mwaka 1909 kwamba wahunzi wao waliingia kwa Wanandi wakawa wahunzi wa huko. Hapakuwa na kiwanda wala risiti. Mkaguzi alikuwa mteja mwenyewe, maana mpini ukichomoka vitani, kwisha habari yako.

Siku hizi simi nyingi hufuliwa kwa springi za magari makuukuu. Chuma hicho ni kizuri sana. Kilichopungua ni wanunuzi wanaojua kukataa.

Mimi ninayewapelekea wateja programu bila kuzijaribu vizuri nilinyamaza tu. Kesho narudi dukani. Wewe ukinunua, ipindue kwanza.