Mwana wa Maji Yapi?

Kijiji cha Butiama hakina ufuko. Kimekaa vilimani, ndani ya nchi kavu, na mtu wa huko akitaka kuliona ziwa humbidi afunge safari. Hata hivyo kijiji hicho kimevipa majina vyombo viwili vya majini. Kimoja ni MV Butiama, meli ya abiria ya Ziwa Viktoria kati ya Mwanza na Nansio. Cha pili ni P77 Mwitongo, meli ya doria ya Jeshi la Wanamaji iliyozinduliwa mwaka 2015 pamoja na mwenzake P78 Msoga. Msoga ni kwao Kikwete, Rais wa wakati huo, aliyezizindua. Mwitongo ni pale Butiama penye makazi ya Mwalimu Nyerere na kaburi lake.

Neno itongo limeenea katika lugha za kanda ya ziwa kwa maana ya mahali palipokuwa na mji, watu wakahama. Kiswahili nacho kinalo, tongo, wingi wake matongo, ingawa siku hizi wengi tunasema mahame. Ukitanguliza kiambishi cha mahali unapata mwitongo, yaani ndani ya mahame. Sijui kama waliopaka jina hilo ubavuni mwa meli ya kivita walilitafakari. Mimi nalipenda hivyo hivyo: chombo kinachozunguka Bahari ya Hindi kimebeba neno la wakulima.

Kijana wa Musoma, Bunda au Butiama anayetamani kuwa mwanamaji haanzi na maji. Anaanza na vumbi. Njia ya wengi kuingia Jeshi la Wananchi, JWTZ, hupitia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 1963, na huku Mara kambi yake ni 822 KJ Rwamkoma, wilayani Butiama. Siku ya kwanza tu jina lake la nyumbani linafunikwa na jingine: kuruta. Neno hilo limetoka kwa Waingereza, nalo limetafunwa na vinywa vya kambini hadi likalainika. Likishawekewa kiambishi cha wingi, makuruta, hakuna tena wa kulidai.

Afande ametoka mbali zaidi. Ni efendi wa Kituruki, bwana mwenye heshima. Mwaka 1889 Hermann Wissmann aliajiri askari Wasudani kutoka Misri waje kumpigania Mjerumani katika pwani yetu, na cheo cha efendi kilikuwa chao. Mjerumani kaondoka, Mturuki hakuwahi kututawala, na bado alfajiri ya Rwamkoma kuruta anaitikia “Ndiyo, afande!” kwa sauti ya kuamsha kijiji cha pili. Kwata, gwaride, kombati, koplo na sajenti nazo ni za wageni. Lakini sikiliza amri zenyewe za kwata: mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka. Hapo ugeni hausikiki. Aliyezitunga, nani sijui, alikuwa na sikio. Mguu sawa ni maneno mawili yanayofanya kazi ya sentensi nzima, tena yanaishia na irabu pana ambayo mkufunzi anaweza kuivuta apendavyo kabla buti halijagonga ardhi.

Kutoka hapo, anayeandikishwa jeshini huenda kwenye mafunzo ya awali ya kijeshi, mengi yakifanyika katika shule ya RTS Kihangaiko, upande wa Msata, mkoani Pwani. Kihangaiko! Ni jina la mahali tu, na mahali hapo hapakuitwa hivyo kwa ajili ya makuruta. Ila kuruta gani atakubali?

Ndipo wachache wanapofika Kigamboni, kwenye kamandi ya wanamaji, na hapo kijana wa ziwani anakutana na msamiati ambao haukumngoja. Amekua akisema mtumbwi, kasia, karabai, kokoro. Sasa anaambiwa asugue sitaha, aende omo, arudi tezi, akaangalie ngama. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, ngama ni kule chini kabisa yanakokusanyika maji machafu. Maneno haya yalikomaa kwenye majahazi ya Lamu, Unguja na Kilwa, yakichanganyika na ya Waarabu, Waajemi na Wahindi: nahodha, serahangi, nanga, bandari. Pwani wana methali, kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nayo huchukuliwa kuwa ni hekima ya maisha. Kwa mwanamaji mpya ni ratiba. Zamu za mwanzo za mtu mgeni chomboni, duniani kote, ni kukwangua kutu, kupaka rangi, kusugua sitaha, kusimama lindo usiku, na kushuka ngamani wakati wenye vyeo wako juu wanapunga upepo.

Upepo nao ni somo. Mswahili wa pwani alizipa pande mbili za dunia majina ya pepo zake: kusi likatoa kusini, kaskazi ikatoa kaskazini. Watu wa Musoma wanatumia kusini na kaskazini kila siku bila kuwahi kuongozwa na kusi wala kaskazi, maana ziwa lina desturi yake, upepo wa nchi kavu usiku na wa ziwani mchana. Mtoto wa mvuvi wa Majita anaujua huo kwa ngozi ya shavu. Anachokosa ni jina la upepo huo katika kitabu cha mafunzo.

Isidhaniwe kuwa vita vya majini ni jambo la pwani peke yake. Mwaka 1914, Novemba, meli ya Waingereza iitwayo Sybil iligonga mwamba ikapandishwa ufukweni Majita, nchi iliyokuwa ya Wajerumani. Mwaka uliofuata Waingereza waliirudia, wakainasua, na baadaye ikarudi ziwani ikiwa na mzinga. Meli ya namna hiyo huitwa manowari, neno la Kiingereza pia, lenye maana ya mtu wa vita kwa asili yake. Basi Mara ilikuwa na mtu wa vita aliyelala mchangani nusu karne kabla ya JWTZ kuzaliwa Septemba 1964.

Sasa swali langu. Huyu kijana aitwe nani? Baharia ni mtu wa bahari, na wafanyakazi wa MV Victoria, meli ya ziwani, wanaitwa mabaharia bila kuonja chumvi. Neno limeshalegea kiasi kwamba vijana wa bodaboda pale stendi ya Bunda wanaitana baharia, na maana yake ni mjanja, mwenzetu, asiyeshikika. Silaumu. Ila mwanamaji ni neno la haki zaidi, kwa sababu halikusema maji gani. Tazama pia kamandi zilivyoitwa Tanzania: ya Nchi Kavu, ya Anga, ya Wanamaji. Mbili zimeitwa kwa mahali, moja kwa watu wake. Bahari haikutajwa kabisa, na hilo linamwachia nafasi mtoto wa ziwa.

Ugumu mwingine uko kwenye neno mzamiaji. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa. Wazamiaji, wakiwemo wa jeshi, waliingia chini ya chombo, na baada ya siku mbili wakamtoa fundi mmoja akiwa hai. Kwenye vijiwe vya Dar es Salaam, hata hivyo, mzamiaji ni yule aliyejificha melini akaenda Ulaya bila tiketi. Wapo wanaosema mpiga mbizi ili kukwepa utata. Kwangu mpiga mbizi ni mtoto anayecheza majini pale Makoko, Musoma. Anayeshuka gizani kutafuta maiti anastahili neno zito zaidi, na ni vijiwe vinavyopaswa kutafuta jingine.

Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ndilo lenye mamlaka ya kusanifisha istilahi, nami ningeliomba lianze na neno la ziwani, mwalo. Ni mahali mitumbwi inapotia nanga, samaki wakashushwa, wakapimwa, wakauzwa. Serikali inalitumia katika nyaraka za uvuvi, na kila mtu wa Musoma analijua. Gati si mwalo, bandari si mwalo, diko la wavuvi wa pwani linakaribia tu. Doria ya ziwani hukagua mialo. Kuruta wa Rwamkoma atakayefika Kigamboni na neno hilo mdomoni asirekebishwe, mkufunzi aandike.