Kasha la Pyx: Sarafu Chache kwa Niaba ya Nyingi

Mtu anayetafuta chimbuko la uchukuaji sampuli katika ukaguzi wa ubora, yaani desturi ya kupima sehemu ndogo ili kuhukumu shehena nzima, hufikishwa Uingereza, ambako kumbukumbu za Kesi ya Pyx, yaani ukaguzi wa sarafu, huanzia mwaka 1282. Mawanda ya ukaguzi huo, yaani mipaka ya kile kilichokaguliwa, yalikuwa bayana: sarafu zote zilizofuliwa tangu kesi iliyotangulia, zikiulizwa maswali mawili tu, uzito wake na usafi wa madini yake. Katika kila fungu lililotoka katika kiwanda cha kufulia sarafu zilitolewa sarafu chache, zikatiwa katika kasha lililofungwa, nalo ndilo Pyx, hadi siku ambayo jopo la masonara lilikalishwa kulifungua.

Kwa kuwa mikono ya mafundi haikuweza kufua sarafu zinazolingana kabisa, mkuu wa kiwanda aliruhusiwa tofauti kidogo, juu au chini ya kiwango. Na hapo ndipo hila ilipoweza kupenya. Sarafu zilipimwa kwa pamoja, na kadiri uzito wa jumla ulivyozidi ndivyo ruhusa hiyo ilivyozidi kwa uwiano uleule, ilhali makosa ya bahati nasibu hufutana: kwa sarafu 100, kosa la kawaida la jumla huwa takriban mara 10 ya kosa la sarafu moja, wala si mara 100. Mwanahistoria wa takwimu Stephen Stigler alionyesha mwaka 1977 kwamba pengo hilo lilimwachia mkuu nafasi ya kupunguza uzito kidogo katika kila sarafu pasipo hofu kubwa ya kunaswa. Sampuli, basi, ilichukuliwa kwa busara, bali kipimo cha kuihukumu kilikuwa kilegevu mno.

Kipimo chenyewe nacho kiliweza kupotoka. Mwaka 1710 Isaac Newton, aliyekuwa mkuu wa kiwanda hicho, aliambiwa na jopo kwamba dhahabu yake iko chini ya kiwango. Akajitetea kwamba kasoro haikuwa katika sarafu, bali katika bamba la dhahabu la mwaka 1707 lililotumiwa kuzilinganisha, ambalo lilikuwa safi kupita inavyotakiwa na sheria. Utetezi huo ulikuwa wa kweli, na bamba hilo likawekwa kando, likarejeshwa lile la mwaka 1688.