Kutoka Kukariri hadi Kutunga: Sanaa za Maonyesho na Lugha ya Mtoto Mkoani Morogoro

Mtoto wa Mgeta au Matombo, katika Milima ya Uluguru, huweza kukutana na lugha tatu kabla ya kuhitimu masomo yake: Kiluguru cha nyumbani, Kiswahili cha shule ya msingi, na Kiingereza cha sekondari. Kila anapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, yumo hatarini kunyamaza. Historia ya sanaa za maonyesho shuleni ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya kupambana na ukimya huo.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera zilienea shuleni. Mathias Mnyampala, anayehesabiwa kuwa mwasisi wa utanzu huo, alifariki mwaka 1969, na vitabu vya Ngonjera za Ukuta vikatoka baadaye. Katika ngonjera, pande mbili hujibizana kwa shairi mpaka mmoja akubali hoja ya mwenzake. Kwa mwanafunzi asiyezungumza Kiswahili nyumbani, zoezi hilo hunyoosha matamshi, huongeza msamiati na kumzoesha kusimama mbele za watu. Hata hivyo, hoja na maneno huwa vimekwisha kuandaliwa na mtu mzima. Mtoto hutamka, lakini hachagui la kusema.

Mwelekeo tofauti ulijitokeza katika kazi za Penina Muhando Mlama, aliyezaliwa Berega, mkoani humo, mwaka 1948. Miaka ya 1980 alishiriki katika miradi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo, ukiwamo wa kijiji cha Mkambalani, Morogoro. Huko wanakijiji hawakupewa tamthilia iliyokwisha andikwa. Walichambua matatizo yao, wakayatungia maonyesho kwa sanaa walizozijua, kisha wakayajadili. Mwaka 1996, yeye na Amandina Lihamba, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliasisi mradi wa Tuseme, ulioupeleka msingi huohuo kwa wasichana wa sekondari.

Tofauti kati ya njia hizi mbili ni ya kiisimu pia. Anayekariri huhifadhi sentensi. Anayetunga hulazimika kuteua neno, kumjibu mhusika mwingine, na kupima rejista inayomfaa mzazi, mwalimu au rika. Huo ndio umilisi wa mawasiliano. Kwa hiyo ngonjera haifai kutupwa, bali ichukuliwe kuwa kidato cha kwanza cha safari ambayo mwisho wake ni mtoto kuandika mchezo wake mwenyewe.