Mfungwa na Mzuiliwa: Maneno Mawili katika Historia ya Fasihi ya Nyeri

Maneno ya Kiingereza "prisoner" na "detainee" hutumiwa na wahakiki wengi kana kwamba ni mamoja, na mazoea hayo yamepenya katika Kiswahili chetu chini ya jina la jumla la fasihi ya gerezani. Makala haya yanadai kwamba mkanganyiko huo unaficha historia, na kwamba mifano ya Nyeri yatosha kuudhihirisha.

Mfungwa huadhibiwa kwa kosa alilohukumiwa. Ana shtaka, hakimu na kadiri ya kifungo. Mzuiliwa huwekwa kizuizini kwa amri ya serikali, kwa jambo linalohofiwa kwamba huenda akalitenda. Hana kesi, wala hajui siku ya kutoka. Hata "mahabusu" halimfai, kwani mahabusu hungojea kesi. Kitenzi "zuia" kinaieleza hali yake barabara: huzuiwa lile ambalo bado halijatendeka.

Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akashtakiwa mjini Nyeri mwezi uliofuata kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mahakama ile ilikuwa ya kikoloni, lakini ilikuwapo. Ndipo Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walipopata umbo la tamthilia yao ya 1976: shtaka, majibizano, hukumu.

Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi na mchapishaji wa Karatina, alikamatwa Oktoba 1952 akawekwa kizuizini kwa miaka mingi bila hukumu. Kitabu chake cha 1983, kilichopata Tuzo ya Noma mwaka 1984, ni shajara. Asiyepewa tarehe ya mwisho hubaki kuzihesabu siku zenyewe. Aidha, jina la kitabu hicho latumia neno la Kigĩkũyũ "ithaamĩrio", lenye asili ya kuhama. Tafsiri ya Kiingereza ya 1988 iliweka "detention". Dhana ya kung'olewa kwao ikafifia, ikabaki ya kushikwa.

Ngũgĩ mwenyewe alizuiliwa Kamiti bila kushtakiwa, kuanzia mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978. Jina la kitabu chake cha 1981 lataja kizuizi, na jina dogo lataja gereza. Hapo hapana kosa: jengo lilikuwa gereza, hali ilikuwa kizuizi. Abdilatif Abdalla, kwa upande wake, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Alikuwa mfungwa kwa maana kamili. Kwa hiyo *Sauti ya Dhiki* (1973) haiwezi kutiwa fungu moja na *Detained* pasi na maelezo.

Mageuzi ya 1997 yaliondoa katika sheria za Kenya mamlaka ya kuzuilia watu bila kesi. Wahakiki nasi hatuna budi kuacha kuwaita wafungwa watu ambao hawakuhukumiwa, kwani kwa kufanya hivyo twawapa kosa ambalo hakuna mahakama iliyopata kuwathibitishia.