Ukarabati wa wanasesere wa silikoni

Ukarabati wa wanasesere wa silikoni ni kazi ya kuziba mipasuko, kurudisha vipande vilivyong'oka na kutengeneza kiunzi cha ndani cha wanasesere wenye ukubwa wa mtu ambao ngozi yao ni mpira wa silikoni. Wanasesere wa namna hii hutumika katika mafunzo ya uuguzi na ukunga, katika utengenezaji wa filamu na katika majumba ya maonyesho. Wengine huuzwa kwa watu wazima kwa matumizi ya faragha. Bei yao ni kubwa na vipuri huagizwa kutoka mbali, kwa hiyo mara nyingi hutengenezwa kwa vitu vinavyopatikana kwa fundi vioo, jikoni na kwenye kabati la nguo. Ugumu wa kazi hii uko zaidi katika kemia kuliko katika ufundi wa mikono, kwa sababu silikoni iliyokwisha kuganda haishikwi na gundi za kawaida, ila na silikoni nyingine.

Asili

Wanasesere wa kufundishia ni wa zamani kuliko silikoni. Katika karne ya 18 mkunga Mfaransa Angélique du Coudray alifundisha uzalishaji vijijini kwa kutumia kiwiliwili cha mwanamke kilichoshonwa kwa kitambaa na ngozi; kimoja kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Rouen. Chombo cha aina hiyo kikichanika kilitosha kupewa sindano na uzi. Mwaka 1960 Åsmund Lærdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea kutoka Stavanger, Norwei, alitoa mwanasesere wa kufundishia ufufuaji wa mtu aliyesimama moyo. Huyo alikuwa wa plastiki laini, si wa silikoni.

Neno silikoni lilianza kutumiwa na mkemia Mwingereza Frederic Kipping, aliyefanya kazi Nottingham mwanzoni mwa karne ya 20. Uti wa molekuli zake ni silisi na oksijeni zikipokezana, na malighafi ya kwanza ni silika, yaani kilekile kilichomo kwenye mchanga na kioo. Ilianza kuzalishwa kwa wingi viwandani katika miaka ya 1940. Ilikuja kupendwa na watengenezaji wa miili bandia kwa sababu ni laini, hupokea rangi kwa ndani kama ngozi, na haiharibiwi na jua wala joto la kawaida.

Kutambua aina ya ngozi

Makosa mengi hutokea kabla kazi haijaanza. Si kila mwanasesere mwenye ngozi laini ni wa silikoni. Wengine ni wa PVC, wengine wa mpira wa utomvu, na wengine wa TPE, ambayo ni plastiki inayonyumbuka kama mpira lakini huyeyuka kwa moto. Kila mmoja ana dawa yake. TPE huungwa kwa kuyeyusha kingo kwa chuma cha moto na kuzibana. Njia hiyo haifai kabisa kwa silikoni, kwani silikoni haiyeyuki.

Jaribio rahisi ni kupasha sindano moto na kuigusisha mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya unyayo. TPE hulainika papo hapo na kuacha tundu linalong'aa, lakini silikoni haibadiliki. Kipande kidogo cha silikoni kikichomwa huacha majivu meupe ya unga, ambayo ni silika iliyorudi katika hali yake. PVC ikichomwa hutoa moshi mkali wenye tindikali; jaribio hilo lifanyike nje, kwa kipande kisichozidi punje ya mchele, na moshi usivutwe.

Kwa nini gundi nyingine hazishiki

Uso wa silikoni haulowani. Tone la maji juu yake hujikusanya kama juu ya jani la myugwa, na gundi nayo hufanya vivyo hivyo. Supaglu hukauka ikawa gamba gumu linalobanduka mwanasesere akikunjwa mara ya kwanza. Solusheni ya viraka vya baiskeli hushika mpira wa tairi vizuri sana, lakini kwa silikoni haifui dafu. Ubaya zaidi ni kwamba gundi hizo huacha utando kwenye kingo, na utando huo huizuia hata silikoni sahihi itakayokuja baadaye. Jeraha lililokwisha kupakwa supaglu lazima likatwe upya kwa wembe mpaka ionekane nyama safi.

Kifaacho ni silikoni ya mafundi vioo na aluminiamu, ile ya bomba. Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza inanuka siki, kwa kuwa hutoa asidi ya asetiki inapoganda. Hushika kwa nguvu lakini hutia kutu chuma. Ya pili haina harufu ya siki na ndiyo ya kutumia karibu na kiunzi au nyaya za umeme. Lebo isomwe, kwani baadhi ya mabomba yana akriliki ya maji iliyochanganywa na silikoni kidogo tu, na hayo hayafai. Silikoni za bafuni huwa na dawa ya kuzuia ukungu, hivyo zisitumike mahali patakapoguswa na midomo ya watu.

Mafundi wa filamu hutumia silikoni ya sehemu mbili inayogandishwa kwa platini. Ni bora na laini zaidi, ila ni ya kudeka: ikigusana na glovu za mpira wa utomvu, udongo wa kufinyangia wenye salfa au mabaki ya silikoni ya bati, hubaki nata na haigandi kamwe. Katika mazingira ya vifaa vya kubahatisha, ile ya bomba inasamehe zaidi.

Kuziba mpasuko

Silikoni ikishaanza kuchanika huendelea kwa urahisi, kama kitambaa kilichokatwa upindo. Kwa hiyo mwisho wa mpasuko hutobolewa tundu dogo la mviringo ili nguvu isijikusanye kwenye ncha moja. Kisha mahali pote huoshwa kwa maji ya sabuni, husuuzwa, hukaushwa na kufutwa kwa spiriti. Petroli, thina na mafuta ya taa huepukwa kwa sababu huvimbisha silikoni. Poda ni adui pia: wanasesere wengi hupakwa poda ili wasinate vumbi, na poda ikibaki ndani ya mpasuko hakuna kitakachoshika.

Kingo zikwanguliwe kwa msasa, zipakwe silikoni kwa kijiti cha meno kwa tabaka jembamba, zikutanishwe bila kuvutwa, na kufungwa kwa utepe. Silikoni ya bomba huganda kwa kunyonya unyevu wa hewa kutoka nje kwenda ndani, kiasi cha milimita 2 au 3 kwa siku. Jeraha la kina kirefu lililojazwa mara moja litakuwa gumu juu na ute ndani kwa muda mrefu. Hujazwa kwa awamu. Hewa ya Pwani yenye unyevu huharakisha kazi. Nyanda za juu wakati wa kiangazi huichelewesha. Kwapa, kinena na nyuma ya magoti hukunjwa daima, na hapo kipande cha soksi ndefu ya nailoni huzamishwa kwa ndani ndani ya silikoni ili kiwe kama kano. Kidole kilicholoweshwa maji ya sabuni hutosha kusawazisha uso kabla haujashika.

Vipande vilivyopotea na kiunzi

Kidole au sikio lililopotea linaweza kufinyangwa. Silikoni yenye harufu ya siki ikichanganywa na wanga wa mahindi (si unga wa sembe, bali ule mweupe laini wa kukolezea mchuzi) huwa donge linalofinyangika, nao unyevu uliomo ndani ya wanga huligandisha lote kwa pamoja badala ya kuanzia nje. Dirisha likiwa wazi, maana harufu ni kali. Donge hilo likiganda huwa gumu kuliko ngozi ya asili, hivyo linafaa kwa sikio kuliko kwa shavu. Rangi ya mafuta ya wachoraji, kiasi kidogo sana, huchanganywa humo mapema. Rangi inayopakwa juu baada ya kuganda hubambuka.

Katika vidole, chanzo cha tundu mara nyingi ni waya wa ndani uliokatika na kutokeza. Kuziba tundu pekee ni kupoteza muda. Ncha hukunjwa iwe kitanzi na kufunikwa kwa mrija wa plastiki uliovuliwa kwenye waya wa umeme.

Wanasesere wa mafunzo

Kwa chuo, kiraka kinachopendeza macho kinaweza kuwa kiraka kibaya. Anayejifunza kufufua mtu mzima hutakiwa kukandamiza kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kukiacha kirudi juu kikamilifu. Kifua kilichojazwa silikoni ngumu ya madirisha hakiendi kina hicho kwa nguvu ileile, na mwanafunzi huzoea kipimo cha uongo ambacho atakipeleka wodini. Baada ya matengenezo, kina hupimwa kwa rula na kulinganishwa na mwanasesere mzima. Ngozi ya mkono wa kuchomea sindano nayo isizibwe mahali pa mshipa kwa tabaka nene, kwani sindano hupoteza ile hali ya kupenya inayofundishwa.

Midomo, pua na njia ya hewa havikarabatiwi. Hubadilishwa, au mwanasesere hutumiwa kwa kukandamiza kifua tu. Nyufa ndogo huhifadhi vijidudu ambavyo kitambaa cha spiriti hakivifikii. Sehemu nyingine huachwa kama wiki moja, hadi harufu iishe kabisa, kisha hufutwa kwa spiriti ya asilimia 70 na kupakwa poda. Mwanasesere huhifadhiwa amelala chali, viungo vimenyooka, juu ya shuka jeupe, kwa kuwa wino wa magazeti na rangi za khanga mpya huingia ndani ya silikoni na hazitoki kwa kuoshwa.