Muhuri wa Mhandisi Mzee

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, wengi wetu tulioshika uhandisi tumekwisha kustaafu, na ada ya bodi ingali inadaiwa kila mwaka. Wako wanaouliza: ya nini tena?

Sheria Na. 49 ya 1968 ndiyo iliyoanzisha usajili wa wahandisi Tanzania. Wakati huo nchi haikuwa na kitivo cha uhandisi. Vijana walikwenda Nairobi au ng'ambo, mpaka 1973 kilipofunguliwa chetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina kuingia daftarini ilikuwa fahari, nasi tukadhani ni jambo la mara moja, kama jando. Sivyo. Ilikuja Sheria Na. 15 ya 1997, na siku hizi bodi inataka mhandisi aendelee kujifunza.

Mimi niliacha kulipa mara nilipostaafu. Kisha jirani akaniletea ramani ya nyumba ya ghorofa, niigongee muhuri. Nikaona nguzo ni nyembamba, nikamwambia. Lakini muhuri wangu haukuwa na nguvu tena. Akaenda kwa mwingine, akagongewa siku ile ile bila swali.

Nimekwisha lipa. Sasa naketi darasani na vijana walio rika la wajukuu zangu, miwani puani.