Chai ya Mzabibu: Faida Zake, Tahadhari na Utengenezaji Usioharibu Mazingira

Chai ya mzabibu haina majani ya chai ndani yake. Ni kinywaji kinachopatikana kwa kulowesha katika maji moto majani makavu ya mzabibu, au maganda na mbegu zinazobaki zabibu zikishakamuliwa.

Mpwani anayajua machicha ya nazi. Zabibu nazo zina machicha yake, kiasi cha kilo 20 hadi 25 katika kila kilo 100 zinazokamuliwa. Yakirundikwa ovyo huoza na kuchafua udongo na maji. Katika maeneo kama Dodoma, Tanzania, ambako zabibu huvunwa mara 2 kwa mwaka, kuyakausha ni njia ya kupunguza taka na kumwongezea mkulima kipato. Ni lazima yaanikwe mapema, yakiwa yametandazwa juu ya wavu, kabla hayajaota ukungu. Yanayobaki hufaa kwa mboji.

Kiafya, maganda na majani yana polifenoli, kemikali za mimea zinazosaidia kulinda seli. Shirika la Dawa la Ulaya linakubali majani ya mzabibu kwa kupunguza uzito na maumivu madogo ya miguu yanayotokana na mzunguko hafifu wa damu. Lakini ushahidi wa utafiti unahusu dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye majani. Kwa chai ya kikombe, kibali kinategemea matumizi ya miaka mingi tu. Haitibu kisukari, presha wala saratani, hata muuzaji akisema hivyo.

Tahadhari ni muhimu. Mguu ukivimba ghafla, ukiuma au ukipata kidonda, usikae nyumbani ukinywa chai. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, au moyo na figo zina matatizo. Nenda hospitali. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiitumie, na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza.

Kabla ya kununua, uliza mambo mawili. Je, mizabibu ilipuliziwa dawa za ukungu, na lini? Je, machicha yametoka kwenye juisi au divai? Maganda ya divai nyekundu huchachuka pamoja nayo, hivyo huwa na kileo.

Kuiandaa ni rahisi: kijiko kimoja cha majani makavu, kikombe cha maji yaliyochemka, funika dakika 10, kisha chuja.